MFUATENI DIWANI, MBANENI MBUNGE! Mlezi wa uswahilini naye ana haki

KIJANA mwenzetu, wewe uliyedandia daladala alfajiri ya leo kutoka Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara kwenda kutafuta riziki, hebu jiulize swali moja dogo. Yule mama lishe anayekuuzia chai na chapati kabla jua halijachomoza ana mtoto mchanga. Mtoto huyo saa hizi yuko wapi?

Hayupo chini ya meza ya chapati. Hayupo mgongoni, maana mgongo ule una kazi ya kuinama kwenye moto. Yuko chumbani kwa mama mwingine, mtaa wa pili, pamoja na wenzake saba au kumi, wamekaa kwenye mkeka wakisubiri uji. Jioni mama yake atapita, atalipa alichojaliwa, atambeba na kwenda naye nyumbani. Kesho ni vivyo hivyo, na keshokutwa.

Mama huyo wa chumbani hana kibao mlangoni. Hana kitabu cha risiti, hana sare, hana kitambulisho cha kazi. Lakini akiugua siku moja tu, mama lishe wanane hawafungui vibanda, na wewe unakwenda kibaruani na njaa. Habari zake ndizo tunazozileta leo, na kwa makusudi kabisa tunaziongea na wewe kijana wa kiume.

Tunajua utakachosema hapo kijiweni. Utasema, "Aah, hayo mambo ya kina mama, watajuana wenyewe." Ndipo tunapoliwa, ndugu zetu! Kila jambo la kabwela wakubwa hulipa jina dogo ili sisi wenyewe tulidharau. Wakiliita la kina mama, vijana wanakaa pembeni. Wakiliita la vijana, wazee wanakaa pembeni. Mwisho wa siku hakuna anayesimama, na waheshimiwa wanalala usingizi mnono.

Huyo mtoto ana baba. Baba huyo ni nani kama si wewe, kaka yako, au mshkaji wako anayeuza mitumba Karume? Na huyo mama anayelea chumbani, mara ngapi ni mama yako mzazi, shangazi yako, au bibi aliyekulea wewe mwenyewe? Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo hapa mjini inafanywa na watu tusiowaona, kwa malipo tusiyoyajua, chini ya sheria tusizozisoma.

Haya, tuzisome.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi kwa mtoto mmoja, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Akirudi kazini na bado ananyonyesha, mwajiri anatakiwa ampe hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba anapata siku 3. Siku 3! Hata kitovu cha mtoto hakijakauka, baba ameshaitwa kazini.

Tufanye hayo yote yanatekelezwa bila longolongo. Siku ya 85 mtoto anashikwa na nani? Darasa la awali katika shule ya msingi linampokea mtoto aliyekaribia umri wa kuanza shule. Huyu wa miezi minne, wa mwaka mmoja, wa miaka miwili, hana benchi la Serikali la kukalia. Na hapo tumemsema mama mwenye mwajiri. Mama lishe mwajiri wake ni sufuria. Mwuza samaki wa Feri mwajiri wake ni ndoo. Hao hawana siku 84 wala siku 8. Mtoto akishaweza kushika shingo, mama anarudi kwenye biashara, la sivyo nyumba inalala njaa.

Kwa hiyo jibu la siku ya 85 ni yule mama wa chumbani. Kabwela ametatua tatizo lake mwenyewe, kama kawaida yake, bila semina wala posho ya kikao.

Sasa tupige hesabu ya mfano, maana wengi wanadhani mama huyo anavuna. Tuseme anapokea watoto 8, na kila mmoja analipiwa shilingi 1,500 kwa siku. Hiyo ni shilingi 12,000. Unga wa uji na sukari shilingi 4,000. Mkaa shilingi 2,000. Maji na sabuni shilingi 1,500. Zimebaki shilingi 4,500. Jioni kina mama watatu wanakuja na nyuso za huzuni: "Dada, leo biashara imedoda, nitakupa kesho." Tatu mara 1,500 ni 4,500. Mfukoni amebaki na nini? Sifuri. Ameamka saa 11 alfajiri, ameshinda na vilio, nepi na makamasi mpaka saa 1 usiku, kwa sifuri. Na kesho ataamka tena kwa sababu watoto wale hawana pa kwenda.

Huyo ndiye tunayemwambia akasajili kituo.

Kusajili si kitu kibaya, na si kitu kipya. Enzi za vijiji vya ujamaa nchi hii ilikwishaona kwamba mama hawezi kushika jembe na mtoto kwa wakati mmoja, vituo vya kulelea watoto vikaanzishwa. Mwaka 1981 Bunge likatunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana. Mwaka 2009 sheria hiyo ikafutwa na mambo yake yakaingizwa ndani ya Sheria ya Mtoto, ambayo ndiyo tunayokwenda nayo, pamoja na kanuni zake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba malezi ya watoto ni jambo la jikoni lisilofika Bungeni. Lilifika zamani. Limekwama njiani kurudi kwetu.

Limekwama wapi? Masharti yaliandikwa kwa kufikiria kituo: jengo lake, eneo la watoto kuchezea, vyoo vyao, mlezi aliyesomea. Mwenye shule ya watoto Mikocheni anayamudu, tena anayaweka kwenye tangazo. Mama wa chumba cha kupanga Tandale atatoa wapi uwanja wa bembea, wakati ua wenyewe wanauchangia wapangaji wa vyumba sita na kamba zao za nguo? Anaangalia ile orodha, anaguna, anaikunja. Kuanzia hapo anafanya kazi yake kama mwizi. Akisikia afisa anapita mtaani, anawaingiza watoto ndani.

Hapo ndipo hatari inapozaliwa. Mtu anayeogopa kufungiwa hufunga mlango. Mlango ukifungwa, jiko la mkaa likiwa ndani, hewa inachafuka. Watoto wakizidi, hakuna wa kumwambia basi. Mmoja akiumwa surua, hakuna nesi anayejua kwamba chumba kile kina wenzake tisa. Mlezi akikosa adabu na kumpiga mtoto wa mtu, hakuna jicho linaloona.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi sheria itupwe ili kila mwenye chumba ajaze watoto kama magunia ya mkaa. Mtoto anayeungua kwa uji wa moto haungui kidogo kwa sababu mlezi wake ni maskini. Tunachosema ni kwamba sheria inayodai yote kwa mkupuo kutoka kwa mtu asiye na kitu haimlindi mtoto, inamficha. Inayomlinda ni ile inayoanza na kinachowezekana: idadi ya watoto isiyozidi uwezo wa mlezi mmoja, jiko likae nje, maji safi, choo safi, namba ya simu ya kila mzazi, na afisa anayekuja kufundisha kabla ya kuja kufungia.

Mtatuuliza, je, hayo yamewezekana wapi? Yamewezekana kwa makabwela wenzetu.

Kule Colombia, Amerika ya Kusini, katika miaka ya 1980 serikali ilianza mpango wa akina mama wa mitaa maskini kulea watoto wa majirani majumbani mwao, kila mmoja na kikundi chake cha watoto. Wakawaita mama wa jamii. Kwa miaka mingi walipewa kifuta jasho tu, wakaambiwa wao ni watu wa kujitolea. Hawakukubali kupigwa changa la macho. Waliandamana, walikwenda mahakamani, waliwafuata wabunge wao. Mwaka 2012 kikaingizwa kifungu chao ndani ya sheria ya mabadiliko ya kodi, na mwaka 2014 amri ya serikali ikawapa mikataba ya ajira yenye kima cha chini cha mshahara. Kilianza chumbani kwa mtu, kikaishia kwenye kitabu cha sheria.

Na hapa jirani tu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetaja vituo vya kulea watoto kuwa kazi ya kaunti. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ikawa na sheria yake ya vituo hivyo. Sheria peke yake haipiki uji, hilo tunalijua. Lakini mlezi wa Mukuru ana karatasi ya kumwonyesha mwakilishi wake na kumwuliza, "Hii mliyoipitisha iko wapi mtaani kwangu?" Wa kwetu ataonyesha nini?

Usije ukasema hapa kwetu hakuna kilichoandikwa. Desemba 2021 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ule unaoitwa PJT-MMMAM, wa kuanzia mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Maneno yake ni matamu. Nenda kamwulize mama wa chumbani kama amewahi kuyaonja. Mpango wenye jina refu namna hiyo usipofika kwenye mkeka wa Tandale unakuwa danganya toto. Na miaka yake tumeitaja hapo juu, kwa hiyo swali la kuwabana waheshimiwa ni jepesi: umemfikia nani mtaani kwetu, na kinachofuata baada yake kitamkumbuka mlezi wa nyumbani au kitamruka tena?

Sasa tufike kwenye kazi. Kulalamika kijiweni tumekwishahitimu, wengine tuna shahada. Diwani hasikii kijiwe. Mbunge hasikii kijiwe. Wanasikia anayewafuata, mwenye karatasi mkononi na watu nyuma yake. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu. Ibara ya 63 inasema Bunge linaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa niaba yako wewe! Huendi kuomba hisani. Unakwenda kumkumbusha mtu kazi uliyomtuma.

Lakini ujue mlango wa kubisha, maana wengi wanapeleka shida ya diwani kwa mbunge na ya mbunge kwa diwani, wanapigwa danadana mpaka wanakata tamaa.

Mlango wa kwanza ni diwani. Yeye anakaa katika Baraza la Madiwani linalopitisha bajeti na sheria ndogo za halmashauri. Afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii ni watumishi wa halmashauri hiyo hiyo. Tena kuna fedha. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mwulize diwani wako: katika vikundi vya wanawake vilivyopata mkopo kwenye kata yetu, kuna hata kimoja cha walezi wa watoto? Kama hakuna, kwa nini? Anayefuga kuku anakopeshwa, anayelea binadamu hakopesheki?

Mlango wa pili ni mbunge. Huyu kazi yake ni sheria za nchi na kuibana Serikali. Anaweza kumwuliza swali Waziri wa Maendeleo ya Jamii. Anaweza siku ya Alhamisi kumwuliza Waziri Mkuu. Kanuni anazotunga waziri hufikishwa mezani Bungeni, na kuna Kamati ya Sheria Ndogo ya kuzichambua, kwa hiyo asikwambie kwamba kanuni si mambo yake. Atakwambia pia kwamba yeye hana fungu. Ni kweli mbunge hawezi kuamka asubuhi na kupeleka muswada wa kutumia fedha za Serikali, ibara ya 99 ya Katiba inamzuia. Lakini anaweza kuhoji bajeti ya wizara kifungu kwa kifungu. Na upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake anaiongoza yeye. Choo cha watoto na tangi la maji kwenye kituo cha wananchi wa mtaa si mradi mkubwa wa kushinda mfuko huo. Wabunge wa viti maalum nao msiwasahau. Wako pale kwa jina la wanawake, basi wapeni kazi ya wanawake.

Utakwendaje? Usiende peke yako na usiende mikono mitupu. Mfuateni kwanza mama mwenyewe. Mwulizeni anataka nini, msimsemee. Yeye ndiye anayejua kama shida yake ni choo, ni unga, au ni afisa anayemtisha. Kaeni naye, pamoja na kina mama wanaomwachia watoto na kina baba wa watoto hao, muandike barua ya ukurasa mmoja. Usijaze Kiswahili cha mkutano wa hadhara. Andika mambo matatu tu:

Kwanza, kanuni zimtambue mlezi wa nyumbani kwa daraja lake, kwa masharti ya usalama anayoyaweza, badala ya kumlinganisha na shule ya watoto wa matajiri.

Pili, halmashauri impe mafunzo mafupi ya bure, huko huko kwenye kata, na ukaguzi wa kumwelekeza.

Tatu, vikundi vya walezi vihesabiwe wazi katika ile asilimia 4 ya wanawake.

Wekeni majina, sahihi na namba za simu za wakubwa. Majina ya watoto yaacheni. Toeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, mrudi nayo. Karatasi isiyo na mhuri ni porojo. Baada ya wiki mbili rudini mkaulize. Mkiambiwa mheshimiwa yuko Dodoma, pigeni simu. Mkiambiwa yuko safarini, mwandikieni ujumbe. Akija jimboni kwenye mkutano wa hadhara, asimame mmoja wenu na nakala yenye mhuri mkononi, aulize mbele za watu, kwa adabu, bila matusi. Mwanasiasa anaogopa swali la adabu lenye tarehe kuliko kelele za watu mia.

Msiende kuchukua fulana, wala nauli. Ukishapokea mshiko wa mheshimiwa, mdomo wako umenunuliwa kwa bei ya soda.

Na wakati una maana. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Halmashauri zinaandaa bajeti zao miezi ya mwanzo wa mwaka, na Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Ukipeleka barua Julai umekuta sufuria imeoshwa. Ipeleke wakati unga haujaingia majini.

Tunawaambia na viongozi wa vyama vya upinzani, tukianza na wa kwetu: hili halina kadi ya chama. Mtoto aliyeko kwenye mkeka wa Tandale hajui bendera ya nani ina rangi gani. Kama diwani wa mtaa wenu ni wa chama tawala, mfuateni huyo huyo. Kama hamna hata mbunge mmoja wa upande wenu, mbaneni aliyepo. Chama kinachosubiri kuingia Ikulu ndipo kianze kumtetea mama wa chumbani hakitamtetea hata kikiingia.

Kijana, kura yako unaitafuta mwanasiasa aje aiombe. Mara hii mfuate wewe kwanza. Jumamosi hii, badala ya kubishana Simba na Yanga mpaka koo likauke, nendeni watatu au wanne mkabishe hodi kwa yule mama wa mtaa wa pili. Mwambieni, "Shikamoo mama, tumekuja tuandike barua." Peni ni shilingi mia chache. Mengine anayo yeye kichwani, kwa miaka yote hiyo amekosa tu wa kwenda naye ofisini.